Diski Iliyoitwa Mzee

Michée alikuwa na maneno mengi, hilo kila mtu wa upande wa stesheni pale Kalemie atakuambia, lakini maneno aliyoyapenda kuliko yote yalikuwa haya: kila kitu kiko ndani ya mashini. Ukimpelekea barua yako ya kuomba kazi akakupigia kwa mashini, kisha ukauliza kama utapata nakala ya pili ya kuweka nyumbani, alicheka. Nakala ya nini? Ukiihitaji utarudi. Miaka kumi na minne aliyasema hayo, na miaka kumi na minne watu walimsadiki, wakakunja karatasi yao moja, wakaenda zao.

Sekretaria yake ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa bluu. Ndani mlikuwa na meza, kompyuta, mashini ya fotokopi yenye kikohozi, benchi moja la wateja, na ukutani cheti cha mafunzo ya kompyuta ya majuma sita, kimetiwa kwenye fremu kama picha ya arusi. Hapo ndipo watu walipopigisha vyeti vya makazi, barua za kwa wakubwa, hati za kupotewa na vitambulisho, na zaidi ya yote karatasi za kuuziana parsele. Maana kwetu mtu anaweza kulala na njaa, lakini hanunui kiwanja bila karatasi iliyopigwa kwa mashini na kutiwa kashe, yaani muhuri, na shefu wa mtaa.

Sasa hapa lazima nieleze namna alivyofanya kazi, la sivyo balaa hutaiona ilipoanzia. Michée hakuanza karatasi mpya hata siku moja. Nani ana muda huo? Mtu akija na kiwanja chake, Michée alifungua karatasi ya kiwanja iliyotangulia, akafuta jina la yule, akaandika jina la huyu, akabadili tarehe na mipaka, akaitoa kwenye printa, akapiga kitufe cha kuhifadhi, akafunga. Hiyo aliiita modeli. Kazi ya saa nzima ilikwisha kwa dakika kumi, na katika hizo kumi tano alikuwa akipiga domo. Watu walimsifu kwa wepesi wa vidole, naye sifa hakuzikataa.

Basi kompyuta ikazeeka. Ulikuwa ukiiwasha asubuhi, unakwenda kunywa chai, unarudi, bado inafikiri. Michée aliipiga makofi ubavuni, akaipulizia vumbi, mwisho akamwita Carmel. Huyu Carmel ni fundi, binti mwenye maneno machache, kazi alijifunzia Kigoma, na bisibisi zake hutembea nazo ndani ya mkoba pamoja na rangi ya midomo. Aliifungua ile kompyuta, akang'oa diski ya zamani, akatia mpya isiyozunguka, na mashini ikawaka kabla Michée hajakaa vizuri. Michée alipiga kelele za furaha hadi wauza mafuta wa nje wakachungulia.

Diski ya zamani Carmel hakuitupa. Aliivika kiboksi cheusi chenye waya na taa ndogo ya bluu, akamwambia kwamba bado ni nzima, aifanye depo: filamu, nyimbo, vitu vya siku nyingi, aviweke humo ili mashini mpya isilemewe. Akauliza kama ahamishe na zile karatasi. Michée akakataa. Modeli zake achukue, sawa, za kufanyia kazi, lakini zile za zamani ziachwe zilipo. Aliipokea kwa mikono miwili, akaipa jina palepale. Akaiita Mzee.

Tangu siku hiyo Mzee alikaa kwenye rafu chini ya cheti, juu ya kitambaa cheupe cha kufuma. Michée alimjaza filamu na nyimbo za kwaya, watu wakawa wanakuja kujaziwa simu zao. Na mteja mpya akiingia, Michée alimnyoshea kidole Mzee kama mtu anayeonyesha baba mkwe. Humo, alisema, mna karatasi za nusu ya Kalemie. Mji ukiungua leo, tutaanza upya kwa huyu.

Kile kitambaa alikifuma dada yake, Immaculée, naye ndiye mwenye hadithi hii kuliko mtu yeyote, ingawa mimi namfuata Michée kwa kuwa Michée ndiye aliyeiharibu. Immaculée alikuwa yaya wake, dada mkubwa wa tumbo moja. Wazazi walipokufa Michée alikuwa na miaka minane, na huyo dada ndiye aliyemlea mgongoni huku akianika ndagala, dagaa wa ziwa, pwani. Ndagala ndizo zilizolipa majuma sita ya kompyuta. Ndagala ndizo zilizonunua ile kompyuta ya kwanza, na ile diski ndani yake. Bila Immaculée, Michée angekuwa leo hana mbele wala nyuma, na yeye mwenyewe alilijua hilo, akalisema hata kanisani siku ya mavuno mbele ya watu wote.

Immaculée alifiwa na mume, akabaki na mtoto mmoja, Wilfried, aliyepata kazi Bendera kwenye kituo cha umeme. Umeme ukikatika Kalemie, Michée humtania dada yake kwamba Wilfried amelala. Yeye Immaculée alibaki pwani katika nyumba ya marehemu, anafuma, anauza ndagala, na kila masika anatazama ziwa linavyosogea. Mwaka mmoja lilimeza choo cha jirani. Mwaka uliofuata likamlia jirani huyo nusu ya ua. Immaculée hakungoja zamu yake. Alijinyima kama mtu aliyekula yamini, akapanda juu nyuma ya reli, akanunua parsele kwa mzee mmoja aliyeitwa Papa Kizito, aliyekuwa akilikata shamba lake vipande na kuliuza.

Siku ya kupigisha karatasi alikuja na Papa Kizito wake, amevaa kitenge cha sikukuu. Kifaransa hakukijua, Biblia ya Kiswahili ndiyo kitabu chake, kwa hiyo alimwambia Michée kila kitu kwa mdomo, naye Michée akageuza kwa Kifaransa, lugha ya karatasi za shefu. Kulikuwa na jambo moja alilolishikilia. Asubuhi ile, kabla hawajashuka, alikuwa amepanda mche wa parachichi kwenye pembe ya juu, mche aliouotesha mwenyewe ndani ya kopo, na akataka uandikwe. Michée akacheka, akasema karatasi za shefu si bustani. Immaculée hakucheka.

«Andika, Michée. Muti nimeupanda na mukono wangu, uandikwe.»

Akaandika. Upande wa kaskazini, kiwanja chaishia kwenye mparachichi uliopandwa na mjane mwenye kununua, kwa mkono wake mwenyewe. Immaculée akaomba asomewe, akasomewa, akatikisa kichwa ameridhika. Kisha akaomba fotokopi tatu. Moja ampe padri, moja ampelekee Wilfried Bendera, moja akae nayo mwenyewe mbali na ile ya kweli. Hapo Michée alicheka hadi akashika meza. Wilfried na karatasi za kiwanja wapi na wapi? Mbele ya Papa Kizito, mbele ya wateja wawili waliokuwa benchini, alimfanyia dada yake mzaha kama vile hajawahi kuonja ndagala zake.

«Yaya, unaogopa nini? Kila kitu kiko ndani ya mashini.»

Immaculée akaona haya. Mwanamke aliyekuwa amepanga mambo yake vizuri kuliko wanaume wote mle chumbani akaona haya, akakunja karatasi yake moja, akaitia kifuani. Na mwisho wa mwezi uleule ndipo Carmel alipokuja kung'oa diski.

Ziwa lilimfikia kwenye masika ya mwaka huu. Haikuwa usiku, haikuwa na kishindo. Ilikuwa saa tatu ya asubuhi, Immaculée yuko sokoni, ukuta wa upande wa maji ukakaa chini taratibu na wimbi likaingia kama mwenye nyumba. Majirani waliokoa godoro, sufuria na sindano za kufumia. Sanduku la bati walilipata kesho yake kwenye matete, limefunguka, na karatasi zilizokuwamo, ya parsele pamoja nazo, zimekuwa uji. Immaculée hakulia sana. Alihamia kwa Michée na sufuria zake, akasema Mungu amemwachia parsele, atajenga kibanda cha miti kwanza, matofali yatafuata.

Jumatatu akapanda kwenda kuiona parsele yake. Akakuta matofali.

Alikuwako mwanamume mmoja anachota maji ya udongo, mtu wa makamo, mpole wa sura, jina lake Ilunga, mwalimu mstaafu kutoka Nyunzu. Alimsalimu vizuri, akampa kiti. Kiti! Akampa kiti kwenye kiwanja chake mwenyewe. Alipoelezwa, akashangaa kwa dhati, akaleta karatasi, wakashuka pamoja kwa shefu.

Yule Ilunga hakuwa mwizi, na ndiyo maana jambo lenyewe linauma. Naye alinunua kwa Papa Kizito, majuma mawili baada ya Immaculée, kipande kingine cha chini, karibu na korongo. Lakini hakuwa amekiona. Alikuwa bado Nyunzu akihamisha familia, na Papa Kizito aliyeahidi kumwonyesha alikufa kabla. Alipofika, shefu mpya wa mtaa alishika karatasi, akatembea naye kwa kuifuata karatasi: huku njia, huku jiwe kubwa, huku kwa juu mparachichi. Na mparachichi ulikuwepo, umeshafika kiunoni. Kila mtu akaridhika.

Immaculée akamwambia shefu kwamba mti ule ameupanda yeye. Shefu akamjibu kwa heshima kwamba mti hausemi umepandwa na nani. Vitabu vya biro, ile ofisi ya shefu wa zamani, vililowa katika mafuriko yaleyale, na shefu huyo mwenyewe amehamia Moba na hakumbuki. Michée akasema yeye ni shahidi, yeye ndiye aliyepiga karatasi. Shefu akatabasamu. Mdomo wa ndugu wa damu si ushahidi. Lakini mashini haina ndugu. Kama karatasi ya mama iko ndani ya mashini, na tarehe yake iko, na imemtangulia Mwalimu Ilunga, basi ataitambua na kutia kashe upya, na Mwalimu atatafutiwa kipande chake. Ilunga mwenyewe akakubali, akasema hataki kujenga juu ya machozi ya mjane.

Unaona ilivyokuwa rahisi? Michée alivimba kichwa hadi mlango wa biro ukawa mwembamba. Hakuiomba ile karatasi ya Ilunga aitazame hata kidogo. Ya nini? Aliwaalika wote Alhamisi saa nne, akamwita na Carmel, ili Mzee afunguliwe mbele ya macho ya watu. Siku hizo tatu hakusema kingine.

Alhamisi wakaja. Shefu, Ilunga na Immaculée wakakaa benchini, upande wa pili wa meza. Kioo cha kompyuta kilimtazama Michée peke yake, na Carmel alisimama nyuma yake. Immaculée alikuwa amevaa tena kile kitenge cha sikukuu, kilichookolewa kwa kuwa siku ile ya maji kilikuwa kwa mshonaji. Michée akamshusha Mzee kutoka rafuni, akatia waya, taa ya bluu ikawaka, na Mzee akafunguka bila hata kusita. Akaingia kwenye filamu, akapita, akaingia kwenye nyimbo, akapita, akafika kwenye karatasi.

Zilikuwa kumi na moja.

Akadhani amekosea mahali, akatoka, akarudi. Kumi na moja. Cheti cha makazi, moja. Barua ya kazi, moja. Hati ya kupotewa, moja. Kiwanja, moja. Miaka kumi na minne, na nusu ya Kalemie, na karatasi kumi na moja. Alikuwa akizifungua kila siku ili kuandika, na hakuna siku aliyozifungua ili kutafuta. Kila mtu aliyekalia lile benchi alikuwa amemfuta aliyemtangulia, na mkono uliofuta ni huu huu ulioshika sasa kipanya.

Akafungua ile ya kiwanja. Jina lilikuwa Ilunga. Umri, Ilunga. Tarehe, ya Ilunga. Akashuka chini kwenye mipaka: njia, jiwe kubwa, mparachichi uliopandwa na mjane mwenye kununua, kwa mkono wake mwenyewe.

Ndipo alipoikumbuka siku yenyewe. Papa Kizito akiwa palepale benchini, amechoka, anataja mipaka ya kipande cha chini, na yeye Michée akimsimulia kisa cha treni iliyokwama njiani siku tatu. Muuzaji yuleyule, mlima uleule. Akabadili jina, akabadili umri, akabadili tarehe, mipaka akasema ataibadili akimaliza kisa. Kisa kilikuwa kitamu. Akapiga kitufe cha kuhifadhi akicheka. Kwa vidole vyake vyepesi alimnyang'anya dada yake kiwanja, akampa mtu wa Nyunzu, akamfuta na yeye mwenyewe asijulikane kwamba alikuwepo.

Na dawa ilikuwa hapohapo, tuseme ukweli. Haikuhitaji hata Mzee. Karatasi ya Ilunga iliyokuwa mikononi mwa shefu ilikuwa na maneno yaleyale. Shefu alisoma mparachichi, hakuendelea. Michée angesema tu: someni mstari huu mpaka mwisho, je, Mwalimu Ilunga ni mjane? Nimekosa mimi, mipaka hii ni ya yaya wangu. Maneno hayo hayajazi hata dakika moja, naye ni mtu aliyewahi kuongea siku nzima bila kumeza mate.

Lakini shefu angeuliza: na wengine? Karatasi ngapi umezikosea namna hii? Na wale wote uliowaambia wasifanye nakala, wako wapi? Michée aliwaona wakija na karatasi zao zilizolowa, wa daraja la Lukuga, wa sokoni, wa pwani yote iliyoliwa na maji, wamesimama mbele ya mlango wa bluu. Akakiona cheti chake ukutani. Akaifunga ile karatasi, akachomoa waya, taa ya bluu ikazimika.

«Diski imekufa,» akasema.

Nyuma yake Carmel aliutazama ule waya mkononi mwa Michée. Shefu aliuliza kama haiponi, Michée akatikisa kichwa, na machozi yakamshuka ya kweli kabisa, hakuyaigiza. Basi Immaculée akainuka kutoka benchini, akaizunguka meza, akamshika bega kama alivyomshika alipokuwa na miaka minane.

«Usilie, mudogo wangu. Ni mashini tu. Hata muntu anakufa.»

Shefu akasema basi, itafuatwa karatasi iliyopo. Ilunga alishindwa hata kuinua uso. Akamwambia Immaculée kwamba ule mparachichi anaweza kuuchimba akauhamishe, au akipenda aje kuvuna siku zote, mlango ni wake. Immaculée akamshukuru, akasema mti ukihamishwa umeshafika kiunoni hufa, uachwe.

Wateja walipoisha siku ile, Carmel alirudi kuchukua bisibisi aliyoisahau. Michée akaanza kumweleza mambo mengi kwa pamoja. Carmel akamwacha amalize.

«Papa Michée, ile diski haina ugonjwa. Na mimi nimesoma ulichosoma.»

Michée akamwomba asiseme. Akamwambia kwamba atayarekebisha mwenyewe, polepole, ngoja tu mambo yapoe. Carmel akasema hatasema neno, si kazi yake kumsemea, ila asimwite tena kwa kazi yoyote. Akatia bisibisi mkobani, akatoka.

Zikapita wiki, na hayo maneno ya kurekebisha Michée aliyalea kama yai. Mara mbili alimtia Mzee kwenye mashini watu wakiwa hawapo, akaweka kidole juu ya kitufe cha kufuta, aimalize ile karatasi ya kiwanja aondokewe na ushahidi. Mara mbili alishindwa. Kila akisoma mstari wa mparachichi alisikia sauti ya dada yake ikisema andika, akajiambia siku moja nitapanda kwa shefu, si leo, Jumatatu. Filamu nazo hakuweza kuzitoa tena, maana mfu hatoi filamu. Wateja wa simu wakaenda kwa mwingine.

Na nyumbani! Immaculée alilala chumba cha nyuma pamoja na magunia ya mkaa. Hakulalamika. Alipika, akafua, akafuma, na kila asubuhi Michée akitoka kwenda kazini alimuuliza swali moja, bila kejeli hata chembe: «Mzee ameamuka namna gani?» Michée alijibu bado. Immaculée akasema ataendelea kumwombea. Alikuwa amemtia kwenye maombi ya kikundi cha wamama wa parokia. Jumatano nzima wamama kumi na watano walipiga magoti wakaiombea uponyaji diski ya Michée, wakaitaja kwa jina. Michée alipoambiwa hivyo alitoka nje akatapika, akasema ni samaki.

Wiki iliyopita Carmel alipita nyumbani wakati Michée yuko kazini. Hakusema neno, kama alivyoahidi. Aliketi na Immaculée wakachambua ndagala, wakaongea mambo ya mvua, na alipoinuka akasema tu kwamba kama angekuwa na mtoto Bendera kwa watu wa umeme, angempelekea ile diski aitazame.

Jumamosi saa mbili ya asubuhi sekretaria ilikuwa imejaa, watoto wanarudi shule na kila mzazi anataka karatasi. Pikipiki ikasimama nje, mzigo umefungwa nyuma, sufuria na zile sindano za kufumia. Immaculée akaingia amejifunga kitenge cha safari. Akawasalimu watu wote, akawaomba msamaha kuwakatiza. Akamwambia Michée kwamba anakwenda Bendera kwa Wilfried, amekula vya mdogo wake vya kutosha, nyumba si kubwa. Michée akaanza kusema angoje, wazungumze, angalau Jumatatu. Immaculée akanyosha mikono miwili.

«Nipe Mzee, nimupeleke kwa Wilfried. Pale kuko maenjinia. Wakishindwa wao, nitajua amekufa kweli.»

Watu wote wakamtazama Michée. Wengine walikuwa wa kikundi cha maombi, wakaitikia kwa kichwa. Angesema nini? Kwamba mfu huyu ana kazi? Akamtoa rafuni, akampa. Immaculée akamfunga katika kile kitambaa alichokifuma, akamtia kifuani mahali palepale alipowahi kutia karatasi, akamwambia mdogo wake asiwe na huzuni, mashini zinakufa, watu wanabaki. Akapanda pikipiki, akashika mzigo kwa nyuma, wakaondoka.

Mteja aliyekuwa mbele akauliza kama ataendelea. Michée akakaa. Njia ya Bendera ni mbaya, watafika jioni. Wilfried atakula kwanza na mama yake, kisha atatia waya, na taa ya bluu itawaka bila kusita. Atacheka, atasema mama, huyu ni mzima, tazama, filamu zote ziko. Kisha ataifungua karatasi ya kiwanja. Wilfried Kifaransa anakijua, na ana desturi ya kusoma mpaka mwisho. Atamsomea mama yake jina la Ilunga, na chini ya jina hilo mparachichi na mjane, kwa mkono wake mwenyewe. Immaculée ataomba asomewe mara ya pili.

Mteja akauliza tena. Alitaka cheti cha makazi cha mtoto, na nakala moja ya ziada ya kuweka. Michée akafungua modeli, akafuta jina la juzi, akaandika jina la leo, akampigia na nakala ya ziada.